Klarineti ya Mpingo na Fedha Yake Iliyolika

Mwili ni mpingo, mti unaovunwa zaidi Tanzania na Msumbiji. Vibonyezo 17 vinafuata mfumo wa Boehm, uliobuniwa Paris na Klosé na Buffet na kuoneshwa mwaka 1839. Vibonyezo hivyo ni vya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, uliochovywa fedha.

Tazama kibonyezo cha kidole gumba: jasho limekula fedha hadi umanjano wa chini umetokeza. Fundi anayetengeneza upya hutoa pedi na springi, hubana vijibomba vilivyolegea, hung'arisha, kisha hukizamisha kibonyezo katika myeyusho wa fedha unaopitishwa umeme, njia iliyopewa hataza Uingereza mwaka 1840.

Hiki hatukukichovya tena. Alama ya kidole cha mpigaji ina thamani zaidi kuliko mng'aro mpya.

Tafadhali usiguse.