Kumsifu Mwenye Akili: Kutoka Baraza la Muteesa hadi Darasa la Kasubi

Mtu apitaye katika mitaa ya Kasubi, kaskazini-magharibi ya kitovu cha jiji la Kampala, saa watoto watokapo shuleni, hatakosa kulisikia neno moja la Kiingereza vinywani mwa wazazi, walimu na hata wauza ndizi wa kando ya barabara ya Hoima. Neno hilo ni “bright”. Mtoto aliyeshika nafasi ya kwanza darasani ni “bright”. Aliyejibu swali kabla ya wenzake ni “bright”. Na mzazi atakaye kumtia moyo mwanawe usiku wa kuamkia mtihani humwambia vivyo hivyo. Neno hilo hupachikwa katikati ya sentensi ya Kiluganda, wala msemaji hahisi kwamba amevuka mpaka wa lugha. Neno la Kiluganda lenyewe lipo, tena zuri mno: mwenye akili ni mugezi, na akili yake ni magezi. Lakini mugezi ni sifa ya mtu mzima pamoja na maisha yake yote, hali “bright” imekuwa sifa ya alama za mtihani.

Hatulitaji neno hilo kwa wivu. Lugha hukopeshana, na Kiswahili chenyewe ni mkopaji mashuhuri. Linalotushughulisha ni jambo jingine. Mtoto wa Kasubi anajua kusifiwa akili kwa Kiingereza, anajua kusifiwa kwa Kiluganda, lakini mwulize neno la Kiswahili linalohusu akili ya mtu, naye aghalabu atakujibu: “mjinga”. Tusi analo, sifa hana. Jambo hili halikutokea kwa bahati mbaya tu. Lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imelala juu ya kilima hicho hicho cha Kasubi.

Nyumba kuu ya Kasubi, iitwayo Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 iwe jumba la Kabaka Muteesa wa Kwanza. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo, na baadaye wakazikwa pamoja naye Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Edward Muteesa wa Pili. UNESCO iliyaingiza makaburi hayo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea kwa moto, ikajengwa upya kwa miti, matete na nyasi, na mwaka 2023 ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Haya yanajulikana. Lisilotajwa sana ni kwamba miongoni mwa wafalme hao wanne, wawili wana mahali pao katika habari za Kiswahili, mmoja kwa kukipokea na mwingine kwa kukikataa.

Muteesa wa Kwanza alikipata Kiswahili kutoka kwa wafanyabiashara waliokuja kutoka Unguja na pwani. Alijifunza kusoma maandishi ya Kiarabu, na tangu mwaka 1867 alishika saumu ya Ramadhani kwa muda wa miaka kama kumi. Henry Morton Stanley alipofika kwake mwezi Aprili 1875, mazungumzo yao yalipitia katika Kiswahili. Stanley alipoondoka alimwacha kijana mmoja, Dallington Maftaa, aliyesomeshwa katika misheni ya Unguja, amfundishe Kabaka na kumwandikia barua. Huyo Dallington alisaidia kutafsiri sehemu za Biblia katika Kiswahili kwa ajili ya baraza hilo. Alexander Mackay naye, aliyefika mwezi Novemba 1878, alizungumza na wakuu kwa Kiswahili kabla hajaimudu lugha ya wenyeji. Basi yafaa ikumbukwe kwamba Kiswahili kilipobisha hodi katika Buganda hakikubisha kwa kitako cha bunduki. Kilikuja na vitambaa na shanga, ni kweli, na pamoja na biashara ya watumwa, jambo ambalo hatuna haki ya kulificha. Lakini ndani ya baraza kilikuwa lugha ya kusoma, kuuliza na kubishana juu ya Mungu, nyota na falme za mbali.

Alama zake zimebaki. Kiluganda kinaita kitabu ekitabo, kalamu ekkalaamu, na shule essomero. Vyombo vya elimu vilipokewa pamoja na majina yake. Magezi hayakuhitaji jina geni, kwa kuwa yalikuwako zamani.

Sasa tuitazame sifa yenyewe. Katika barua yake iliyochapishwa na gazeti la Daily Telegraph la London tarehe 15 Novemba 1875, Stanley aliwaomba Wazungu wapeleke walimu wa dini Buganda; na katika maandishi yake alimsifu Muteesa kuwa mfalme mwenye akili na upeo. Miaka kumi na mitatu kabla yake, mwaka 1862, John Hanning Speke alikuwa amemwona mfalme huyo huyo kijana, akamweleza kama mtu wa kuchezea maisha ya watu. Wasomaji wa Ulaya walipokea sifa ya Stanley kwa mshangao, na mshangao ulikuwa umo ndani ya sifa yenyewe. Anayemsifu mwenzake kwa akili huku akistaajabu kwamba anayo, amemsifu nusu tu. Nusu ya pili amejisifu mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekaa kitini kama msahihishaji.

Wala sifa hiyo haikudumu. Muteesa aliwasikiliza Waislamu, akawasikiliza Waprotestanti, na tangu mwaka 1879 akawasikiliza na Wakatoliki waliofika na Padri Lourdel. Misri ilikuwa ikisukuma mipaka yake kutoka kaskazini, na Kabaka alitaka marafiki wengi, asitake bwana hata mmoja. Alituma wajumbe watatu hadi Uingereza, wakapokewa na Malkia Victoria mwaka 1880. Wamisionari walipoona hakati shauri kwa upande wao, ile ile akili waliyoishukuru mwanzoni waliiita ulaghai. Akili haikubadilika. Aliyebadilika ni msifu, alipoona kwamba haitumiki kwa faida yake.

Hapa Kiswahili kina la kutufundisha, kwani chenyewe kimeweka maneno kwa kila hatua ya hukumu hiyo. Mwenye akili ni yule aliyejaliwa uwezo wa kufikiri. Neno akili latoka katika Kiarabu, na shina lake ni moja na lile la kamba ya kumfungia ngamia mguu asipotee. Akili, kwa asili hiyo, ni kinachomzuia mtu. Mwerevu ni aliyefunguka macho. Nalo neno hili lina ncha mbili, kwa kuwa mwerevu anaweza kukuokoa na anaweza kukutapeli. Mjanja amekwisha kuelekea upande wa pili. Mwenye hekima ni aliyeongezewa umri na mapito. Kiluganda nacho kinapita njia hiyo hiyo: mugezi ni sifa, lakini ukilirudia shina lake ukasema mugezigezi, umekwisha kumtilia mtu shaka. Neno “bright” halina ngazi hizo. Hung'aa tu, kama taa isiyouliza inamulika nini.

Tuje kwa mjukuu wa Muteesa. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya elimu na utawala katika Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga, na mwaka 1929 akaandika waraka kukikataa Kiswahili kisiwe lugha rasmi katika Buganda. Wako wenzetu wanaomtaja kwa hasira, kana kwamba alikuwa adui wa lugha. Sisi hatuoni hivyo. Alikuwa akilinda Kiluganda, lugha iliyokuwa na vitabu, shule na magazeti yake. Tena Kiswahili alichoonyeshwa hakikuwa kile cha baraza la babu yake. Kilikuwa kimekwisha kuvishwa sare. Kilikuwa lugha ya askari wa King's African Rifles na ya polisi, lugha ya kuamriwa safu. Lugha isiyopewa nafasi shuleni itajifunza adabu wapi? Ikabaki kambini na sokoni.

Yaliyofuata yalizidisha ubaya huo. Idi Amin alitwaa serikali mwaka 1971, na mwaka 1973 akakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Lakini raia wa Kampala wa miaka ile hawakukisikia kwa walimu. Walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani: simama, toka, lala chini, lete. Na aliyechelewa kutii aliitwa mjinga. Wazee wengi wa Kasubi hawakuwahi kusikia mtu aliyeshika bunduki akimwambia raia kwa Kiswahili, “Una akili sana, mama.” Tunapowalaumu kwa kukiogopa Kiswahili, tuyakumbuke maneno waliyofundishwa nacho.

Na hilo neno mjinga lina kisa chake. Zamani pwani lilitumika pia kwa mgeni aliyefika karibuni, asiyejua bado lugha wala desturi za mji. Mjinga huyo hakukosa akili. Alikosa habari tu, na habari hupatikana. Mwalimu akiwaeleza wanafunzi maana hiyo, watacheka, na tusi litapungua uzito kidogo.

Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maagizo ni maagizo. Mtoto hataipenda lugha kwa kuwa mawaziri wameikubali. Ataipenda siku atakapojiona ndani yake kuwa mtu wa maana. Kwa hiyo twaona kwamba msamiati wa sifa ufundishwe mapema, hata kabla ya ngeli hazijakamilika. Umeelewa barabara. Una kichwa chepesi. Hodari. Umejibu vyema. Hongera kwa kazi. Wanafunzi wa Buganda watalipokea hili la mwisho kwa urahisi, kwa kuwa kwao mtu hushukuriwa kwa kazi yake, na mwanafunzi huambiwa weebale kusoma, yaani ahsante kwa kusoma. Kusifiwa juhudi si kusifiwa akili, lakini mambo hayo mawili ni majirani.

Tahadhari moja ni ya lazima, nayo ni juu ya tafsiri. Mwanafunzi atakaye kuhamisha sifa za Kiingereza neno kwa neno atajikwaa. Akisema “wewe ni mng'avu”, amesifu ngozi au sufuria. Neno “smart” ni gumu zaidi: kwa Mmarekani ni mwenye akili, lakini Waganda walilipokea kwa Waingereza, na mtu wa Kasubi akiambiwa hivyo hutazama viatu vyake, maana kwake ni kuvaa nadhifu. Ajabu ni kwamba katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa la maumivu ya kuchoma. “Sharp” nalo, likifanywa mkali, litamgeuza mwanafunzi mpole kuwa mtu wa kugombana; ingawa vijana wa siku hizi husema “mkali wa hisabati”, na hapo wamelipata barabara.

Tuchukue basi zoezi lifaalo kwa kidato cha kwanza: mwanafunzi apewe sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba dada yake ni “bright”, aiandike kwa Kiswahili. Akiandika “dada yangu anang'aa”, tutamrudishia daftari. Akiandika “dada yangu ana akili”, tutampa alama zote. Akiandika “dada yangu ni mwerevu”, tutampa alama zote pia, kisha tutamwuliza huyo dada amefanya nini.