Ulaya: Jinsi ya kudai fedha zilizokatwa kwenye akaunti ya benki

Mteja wa benki nchini Ujerumani, na katika nchi jirani zinazotumia sarafu ya euro, anaweza kuitaka benki yake imrejeshee fedha zilizokatwa na kampuni kwenye akaunti yake, pasipo kutakiwa kueleza sababu, iwapo atafanya hivyo ndani ya wiki 8. Haki hiyo ni pana, lakini wengi huitumia kwa kuchelewa, na wengine huitumia wakidhani kwamba fedha zikisharudi deni nalo limekwisha. Mambo hayo mawili hayafanani, na kuyachanganya kumewaponza wengi.

Makato ya moja kwa moja ni nini

Kwa anayetoka Afrika Mashariki, ambako mlipaji hutoa fedha mwenyewe kwa simu kila anapolipa, utaratibu huu huonekana mgeni. Hapa mlipaji hatumi chochote. Anatia saini hati ya idhini, kisha kampuni ya umeme, ya simu, ya bima au mwenye nyumba huiagiza benki itoe fedha siku ya malipo inapofika. Wajerumani huuita utaratibu huo Lastschrift, na Wafaransa huuita prélèvement.

Hapo pana tofauti na maelekezo ya kudumu, ambayo mwenye akaunti huipa benki yake ili ilipe kiasi kilekile kila mwezi. Katika maelekezo ya kudumu anayepanga kiasi ni mlipaji. Katika makato ya moja kwa moja anayetaja kiasi ni anayelipwa. Tena, chini ya mfumo wa pamoja wa malipo ya euro uitwao SEPA, hati ya idhini hukaa kwa kampuni, wala haikai kwenye benki ya mlipaji. Kwa kawaida benki hutoa fedha bila kuiona hati hiyo. Kwa sababu hiyo, sheria imempa mlipaji kinga yenye nguvu baada ya makato kufanyika.

Wiki 8 na miezi 13

Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu huduma za malipo, iliyoanza kutumika Januari 2018, inatenganisha hali mbili.

Hali ya kwanza ni ya makato ambayo mteja aliyatolea idhini. Hata hapo, mtu binafsi anayo haki ya kudai fedha zake ndani ya wiki 8 tangu siku zilipotolewa kwenye akaunti. Fedha zilizokatwa tarehe 3 Machi, kwa mfano, zinaweza kudaiwa hadi tarehe 28 Aprili. Benki haina ruhusa ya kumhoji mteja kama kampuni ilikuwa na haki au la. Inapaswa kurejesha kiasi chote ndani ya siku 10 za kazi tangu ilipopokea ombi, ingawa mara nyingi fedha huonekana mapema zaidi.

Hali ya pili ni ya makato yasiyo na idhini yoyote: mteja hakuwahi kutia saini, au alikwisha kuifuta idhini, au mtu mwingine ametumia namba ya akaunti yake kwa hila. Hapo muda ni miezi 13. Hata hivyo, mteja anatakiwa kuiarifu benki bila kukawia mara anapogundua. Benki nayo inapaswa kurejesha fedha papo hapo, na isipite mwisho wa siku ya kazi inayofuata, isipokuwa ina sababu za msingi za kushuku udanganyifu. Ikibishaniwa kama idhini ilikuwepo, si kazi ya mteja kuthibitisha kwamba haikuwepo. Ni wajibu wa upande wa pili kuonyesha kwamba ilitolewa.

Wafanyabiashara wanapaswa kuwa waangalifu. Upo utaratibu wa pekee wa makato kati ya kampuni na kampuni, ambao hautoi haki ya wiki 8. Mwenye duka au mgahawa anayetia saini hati ya namna hiyo hawezi kudai fedha ambazo mwenyewe aliidhinisha zikatwe.

Hatua za kufuata

Jambo la kwanza ni kusoma taarifa ya akaunti kila mwezi, kwa kuwa muda huanza kuhesabiwa siku ya makato, si siku mteja alipoyagundua. Kwenye taarifa hiyo hutajwa jina la aliyekata fedha, namba ya utambulisho ya mdai na namba ya hati ya idhini. Mteja anapaswa kuzinakili zote.

Jambo la pili ni kuwasilisha ombi kwenye benki yake mwenyewe, si kwenye kampuni. Benki nyingi zimeweka kitufe cha kurudisha makato katika huduma zao za mtandaoni. Pasipo na kitufe, barua au kufika kwenye tawi kunatosha. Ikiwa hakukuwa na idhini, hilo lisemwe wazi kwa maandishi, na nakala ihifadhiwe.

Jambo la tatu ni kuziba mwanya. Mteja afute idhini kwa barua kwa kampuni, kisha aijulishe benki. Sheria za Ulaya zinampa pia haki ya kuitaka benki izuie makato ya kampuni fulani, iweke kikomo cha kiasi kinachoweza kukatwa, au izuie makato yote kabisa.

Fedha zikirudi, deni hubaki

Chukua mfano wa mtu aliyevunja mkataba na ukumbi wa mazoezi, lakini ukumbi ukaendelea kumkata kila mwezi. Akidai fedha zake benki, atazipata. Lakini benki haijaamua kwamba mkataba umekwisha. Imerejesha fedha tu. Ikiwa mkataba bado una nguvu, ukumbi utamdai kiasi kilekile pamoja na gharama ya makato yaliyorudishwa, na shauri linaweza kufika kwa mawakala wa kukusanya madeni.

Kwa hiyo, siku ileile anapodai fedha, mteja anapaswa kuiandikia kampuni na kueleza kwa nini anapinga dai lake. Barua hiyo ina uzito. Nchini Ujerumani, deni ambalo mteja amelipinga halipaswi kuhesabiwa dhidi yake katika kumbukumbu za uaminifu wa mikopo, zile ambazo wenye nyumba huziangalia kabla ya kumkubali mpangaji. Kodi ya nyumba nayo isichezewe: mpangaji anayerudisha makato ya kodi kwa miezi miwili mfululizo anaweza kuvunjiwa mkataba bila kupewa notisi.

Ng'ambo ya bahari: Uingereza

Uingereza ina utaratibu wake, uitwao Direct Debit Guarantee. Kosa likifanywa na kampuni au benki, kama vile kukata kiasi kisicho sahihi, kukata siku isiyo yake au kukata baada ya idhini kufutwa, benki ya mteja hurejesha fedha zote mara moja, na dhamana hiyo haina ukomo wa muda. Kampuni inatakiwa kutoa taarifa kabla ya kubadili kiasi au tarehe, kwa kawaida siku 10 za kazi. Lakini dhamana hiyo haihusu ugomvi wa mkataba kati ya mteja na kampuni, na aliyerejeshewa fedha asizostahili atatakiwa kuzilipa tena.

Benki ikikataa

Hatua inayofuata ni malalamiko ya maandishi kwa benki yenyewe. Jibu lisiporidhisha, mteja nchini Ujerumani anaweza kwenda kwa msuluhishi wa migogoro anayehusika na benki yake, au kulalamika kwa mamlaka ya usimamizi wa fedha, BaFin. Vituo vya kuwatetea watumiaji, Verbraucherzentrale, hutoa ushauri. Nchini Uingereza, benki ina siku 15 za kazi kujibu malalamiko ya malipo kwa kawaida, na baada ya jibu la mwisho mteja ana miezi 6 ya kulipeleka shauri lake kwa Financial Ombudsman Service, ambako hatozwi chochote.