New York 1975: Jiji lililokimbiwa na wakazi, likanusuriwa na walimu

Ijumaa ya Oktoba 17, 1975, hazina ya Jiji la New York ilikuwa na dola milioni 34, ilhali madeni yaliyoiva siku hiyo yalifikia dola milioni 453. Taarifa ya Meya Abraham Beame ya kutangaza kufilisika ilikwishaandikwa. Polisi waliwekwa tayari kupeleka hati za kisheria kwenye mabenki. Mtu mmoja tu ndiye aliyesubiriwa: Albert Shanker, kiongozi wa chama cha walimu. Mfuko wa pensheni wa walimu ulitakiwa kununua hati fungani za dola milioni 150, la sivyo mpango mzima wa kulinusuru jiji ungevunjika. Asubuhi chama kilikataa. Alasiri kikakubali.

Kisa hiki kinafaa kukumbukwa kila unapozuka mjadala wa Wamarekani wanaohama majimbo yenye kodi kubwa. Hoja inayorudiwa ni kwamba vyama vya wafanyakazi hudai mishahara minono na pensheni, serikali hupandisha kodi, na wananchi hufunga virago. Ina chembe ya ukweli, ila inaacha mengi.

Ni kweli vyama vya New York vilikuwa na nguvu. Mwaka 1958 Meya Robert Wagner aliwapa wafanyakazi wa jiji haki ya kujadiliana na mwajiri wao kupitia vyama. Januari 1, 1966, siku John Lindsay alipoanza kazi ya umeya, wafanyakazi wa treni na mabasi wakiongozwa na Mike Quill waligoma, na jiji likasimama kwa siku 12. Mwaka huohuo jiji likaanza kutoza wakazi wake kodi ya mapato, juu ya ile ya jimbo na ya serikali kuu.

Lakini watu walikwishaanza kuondoka zamani. Mikopo nafuu ya nyumba kwa askari waliorudi vitani, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1944, na barabara kuu zilizojengwa baada ya 1956 ziliwavuta wenye kipato cha kati, wengi wao Wazungu, kwenda vitongoji vya nje. Viwanda navyo vikahamia kusini, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 jiji lilikuwa limepoteza takriban nusu ya ajira zake za viwandani. Waliobaki walikuwa maskini zaidi, na sheria za jimbo zililibebesha jiji robo ya gharama za matibabu yao. Mzigo ulizidi, mabega yakapungua. Viongozi wakakopa ili kulipa matumizi ya kila siku.

Mabenki yalipokataa kukopesha zaidi, maelfu walipunguzwa kazi. Julai 1, 1975, polisi walioachishwa walifunga Daraja la Brooklyn, na wazoa taka wakagoma huku taka zikirundikana mitaani. Septemba nauli ya treni ilipanda kutoka senti 35 hadi 50. Mwaka uliofuata chuo kikuu cha jiji, kilichosomesha bure tangu 1847, kikaanza kutoza ada. Mkazi aliendelea kulipa kodi, akapata shule iliyojaa kupita kiasi, kituo cha zimamoto kilichofungwa na treni iliyochelewa. Kati ya 1970 na 1980 jiji lilipoteza watu zaidi ya 800,000.

Kilichofuata ndicho kinachopaswa kuwafikirisha wanaolaumu kodi peke yake. Kodi ya mapato ya jiji haikufutwa. Ipo hadi leo. Vyama havikuvunjwa, jimbo la New York bado ni miongoni mwa yanayoongoza Marekani kwa uwiano wa wafanyakazi waliojiunga na vyama. Hata hivyo, treni zilipotengenezwa na wahamiaji kutoka kila pembe ya dunia walipoingia, idadi ya wakazi ilipanda tena, ikavuka milioni 8 kwenye sensa ya 2000.

Leo kuhama kumerudi. Baada ya sensa ya 2020 jimbo la New York lilipoteza kiti kimoja katika Bunge la Wawakilishi kwa upungufu wa watu 89 tu, huku Florida na Texas, zisizotoza kodi ya mapato, zikiongezewa viti. Lakini Texas hutoza kodi ya majengo iliyo miongoni mwa kubwa zaidi nchini, na watu bado wanakwenda, kwa kuwa wanapata nyumba wanazoweza kuzimudu. Huko New York, kodi ya pango humla mtu kabla mtoza ushuru hajabisha hodi.

Basi kiongozi anayetaka kuwazuia watu wake wasihame ajenge nyumba, aendeshe treni kwa wakati, na asikope ili kulipa mishahara. Wafanyakazi nao awaite mezani mapema. Walimu wa 1975 waliweka rehani akiba ya uzeeni mwao kwa ajili ya jiji lililokuwa likiwapunguza kazi, na hakuna mkazi aliyelitendea jiji lile wema uliozidi huo.