Kamera na Kibarua wa Mkonge

Mwaka 1936, mwongozaji wa filamu Mfaransa Jean Renoir alikuwa Paris akiongoza La Vie est à nous, filamu iliyogharamiwa na Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa. Wakati huohuo, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Meja L. A. Notcutt alikuwa akitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika mambo kama kodi na akiba ya posta. Mpango huo wa 1935 hadi 1937, uliofadhiliwa na Shirika la Carnegie la New York, ulitoa filamu 35. Watu wa Kilifi na Malindi, nchi ya Wagiriama katika pwani ya Kenya, wana sababu ya kuupima kwa makini. Kabla ya kushika kamera, Notcutt aliendesha mashamba ya mkonge, na aliona sinema ya shambani kuwa njia ya kuwafanya vibarua waridhike. Kupata na kutuliza kibarua ndilo jambo lililokwisha kuwagharimu Wagiriama damu. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama, alikamatwa mwaka 1913 na kuhamishiwa Kisii kwa kuwahimiza watu wakatae kutoa vijana wao kwa kazi za Wazungu, na Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, kwa baruti.

Itasemwa kwamba Renoir naye alikihubiria chama. Ni kweli, na hata msimamo wake ulilegea alipohamia Marekani wakati wa vita. Lakini La Marseillaise ya 1938 ilianza kwa michango ya wananchi, na ndani yake watu wa kawaida wa Marseille hubishana juu ya mapinduzi yao wenyewe. Itasemwa pia kwamba filamu ya Notcutt kuhusu safura ilifundisha afya, na kwamba Waafrika waliigiza na kufanya kazi Vugiri. Faida hiyo siikatai, maana safura ni ugonjwa wa kweli. Ila mlipa kodi aliyefundishwa kuhusu kodi hakupewa nafasi ya kuuliza inakwenda wapi, na hapo ndipo siasa ya mwongozaji huonekana, hata kama hajataja chama chochote. Mtazamo huo haukuisha na Notcutt: kuanzia 1939, William Sellers wa Kitengo cha Filamu cha Makoloni cha Uingereza alishikilia kwamba Mwafrika anahitaji picha za polepole na hadithi nyepesi. Wagiriama walikuwa wameijadili kazi ya lazima katika kaya yao, na kula kiapo juu yake, robo karne kabla ya nadharia hiyo.