Ekidisteroni

Ekidisteroni ni steroidi ya asili inayopatikana kwa wadudu, kwa kaa na kamba, na katika mimea mingi, ikiwemo spinachi. Kwa mdudu ndiyo homoni ya kujivua ngozi. Ngozi ya kiwavi hainyumbuki vya kutosha, hivyo hawezi kukua asipoivua. Homoni inapopanda hushikamana na vipokezi ndani ya viini vya seli na kuziamsha jeni zinazoandaa ngozi mpya. Mdudu hawezi kujitengenezea steroli. Malighafi ya homoni hii huitoa kwenye chakula chake.

Mwaka 1954 Adolf Butenandt na Peter Karlson, nchini Ujerumani, walitenga ekidisoni, ambayo mwilini hugeuzwa kuwa ekidisteroni. Kilo 500 za pupa za nondo wa hariri ziliwapa miligramu 25 tu. Ilipofika 1966, steroidi za jamii hiyo zikaonekana pia katika mimea, mingine ikiwa nazo kwa wingi kuliko mdudu yeyote.

Kwa mmea steroidi hizi ni silaha. Mizizi ya spinachi ikitafunwa na wadudu, kiwango cha ekidisteroni huongezeka humo. Mfano ulio wazi zaidi ni Ajuga remota, mmea mchungu wa Afrika Mashariki unaotumika kutibu homa. Viwavi waliolishwa dondoo la mizizi yake walianza kujivua wakashindwa kumaliza: vichwa vya zamani vilibaki vimefunika vipya, midomo ikazibwa, wakafa bila kula. Kazi hiyohiyo hufanywa shambani na tebufenozidi, kiuatilifu kisicho steroidi lakini kinachoshika kipokezi kilekile.

Binadamu hana kipokezi hicho, na ndiyo maana wanasayansi huingiza jeni yake katika seli za mamalia na kupata swichi ya kuwasha jeni nyingine wapendavyo.

Madai kwamba ekidisteroni hujenga misuli yanahitaji tahadhari. Ekidisteroni ikimezwa hufyonzwa kidogo na kutoka upesi. Utafiti wa Marekani wa 2006 haukuona faida. Ule wa Berlin wa 2019, kwa vijana 46 na wiki 10 za mazoezi, uliona misuli ikiongezeka. Idadi hiyo ni ndogo mno kumshauri mtu anunue vidonge. Mwaka 2020 WADA, shirika la kupambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni, lilianza kuifuatilia bila kuipiga marufuku.