Kilio, Olumbe na Duwa: Msiba Miongoni mwa Waislamu wa Kibuli

Katika Buganda ya zamani, ufalme ulioko Uganda ya leo, kifo kilitangazwa kwa kilio. Sauti zilipopazwa, majirani waliweka majembe chini, maana hakuna aliyelima kabla ya maiti kuzikwa. Aliyefika msibani hakuuliza habari za nyumbani. Alisema "kitalo", neno la Kiganda lenye msiba na mshangao ndani yake, kisha akaketi. Wengi walileta mabugo, vitambaa vya magome ya mti wa mutuba vya kumzungushia marehemu, na usiku walikesha kwenye moto uani. Mambo hayakuishia kaburini. Baada ya wiki, miezi au hata miaka, ukoo ulikutana tena kwa okwabya olumbe, yaani kukipasua kifo: mrithi alivishwa gome na kukabidhiwa mkuki, au kisu kama ni mwanamke.

Uislamu, uliofika kwenye baraza la Kabaka (mfalme) Suuna II mwaka 1844, ulikuja na adabu nyingine ya huzuni. Machozi hayakatazwi, kwani Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim. Kinachokatazwa ni mayowe, kujipiga mashavu na kuchana nguo. Maziko hayacheleweshwi, matanga ni siku 3, na mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10.

Waliozipokea kanuni hizo hawakukosa wa kuwalilia. Mwaka 1876 Kabaka Mutesa I aliwaua Waislamu waliokataa kuswali nyuma yake. Mwaka 1890 Kalema, Kabaka Mwislamu, alishindwa vitani na kufariki mwaka huohuo. Kiongozi wa Waislamu aliyefuata, Nuhu Mbogo, alipelekwa uhamishoni Zanzibar mwaka 1893, akarudi 1895, na katika Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda akapewa maili 24 za mraba kwa ajili yake na wafuasi wake. Alipofariki mwaka 1921, mwanawe Badru Kakungulu alikuwa na miaka ipatayo 14 tu. Ni Kakungulu huyo aliyetoa ardhi ya msikiti kwenye kilima cha Kibuli, Kampala. Aly Khan, mwana wa Aga Khan III, aliweka jiwe la msingi mwaka 1941, akaja kuufungua mwaka 1951, na kilima kikawa kitovu cha Waislamu wa nchi.

Adabu hizo mbili, ya Kiganda na ya Kiislamu, zilishonwa pamoja. Sanda nyeupe ilichukua nafasi ya gome, lakini neno mabugo likabaki, sasa likimaanisha fedha za rambirambi. Olumbe ikageuzwa duwa: Qurani husomwa, mnyama huchinjwa, ukoo hulishwa, na katika familia nyingi mrithi hutangazwa siku hiyohiyo. Kilichobadilika zaidi ni sauti. Lakini katika desturi zote mbili mfiwa haachwi peke yake wala hashauriwi kusahau haraka.

Si wote walioridhika. Wanazuoni wenye msimamo mkali zaidi huiona duwa ya baadaye kuwa bidaa, yaani uzushi katika dini, na gharama za kulisha umati huwalemea wenye kipato kidogo. Hata hivyo ukoo bado hukutana. Kilima cha Kibuli pia kina chuo cha polisi, ambako Kiswahili ni lugha ya askari, hivyo mfiwa wa Kibuli huweza kusikia "kitalo" na "poleni" kwenye mlango uleule.