Usawa wa muda hewani

Usawa wa muda hewani ni kanuni ya kugawa mtandao wa Wi-Fi kwa kupima muda ambao kila kifaa kinaishika chaneli, si kwa kuhesabu pakiti zake. Chini ya kiwango cha 802.11b vifaa vyote hupewa nafasi sawa ya kutuma, lakini nafasi hizo hazilingani kwa urefu. Pakiti ya baiti 1,500 huchukua takriban milisekunde 1.1 kwa kasi ya megabiti 11 kwa sekunde. Kwa megabiti 1 huchukua 12. Kifaa kimoja kilicho mbali na ruta hutosha kumburuta jirani yake mwenye kasi hadi chini ya megabiti 1. Martin Heusse na wenzake walieleza kasoro hiyo mwaka 2003. Muda ukigawanywa nusu kwa nusu, bila kuhesabu gharama za itifaki, chenye kasi hupata megabiti 5.5 na cha polepole 0.5. Hiyo si dhuluma: cha polepole kingepata kiasi hicho hicho kama kingegawana chaneli na kifaa cha polepole mwenzake. Mwaka 2017 Toke Høiland-Jørgensen na wenzake walichapisha utekelezaji wa kanuni hii katika Linux.